Historia ya Shule ya Msingi ya Kijijini Poland: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa na wazazi Waswahili wenye watoto katika shule za Poland, wanafunzi wa historia, na watu waliowahi kufika Tengeru, karibu na Arusha, wakajiuliza Wapolandi waliozikwa huko walitoka wapi. Majibu mengine ni marefu kwa sababu jambo lenyewe ni zito. Shule ya kijijini Poland imepita mikononi mwa watawala wengi, na karibu kila mmoja wao alianza kwa kuamua watoto wafundishwe lugha gani.

Nani alianzisha shule za kwanza vijijini?

Kanisa. Kwa karne nyingi shule ya kijiji ilikuwa shule ya parokia: chumba kimoja karibu na kanisa, na mara nyingi mwalimu alikuwa yuleyule mpiga kinanda wa kanisani. Watoto walijifunza sala, katekisimu, na waliobahatika wakafika kwenye kusoma. Wengi hawakufika kabisa, maana wakulima walikuwa watwana wa makabaila, na mtoto alihesabiwa kuwa mkono wa kazi.

Mabadiliko makubwa yalianza tarehe 14 Oktoba 1773, Bunge la Poland lilipounda Tume ya Elimu ya Taifa wakati wa Mfalme Stanisław August Poniatowski. Shirika la Wajesuiti, lililokuwa likiendesha shule nyingi, lilikuwa limevunjwa na Papa mwaka huohuo, na mali zake zikahamishiwa kwenye elimu. Tume hiyo hutajwa kuwa miongoni mwa wizara za elimu za mwanzo kabisa Ulaya. Mwaka 1785 ilitoa kitabu cha kujifunzia kusoma kwa ajili ya shule za parokia, na mmoja wa watu walioifanyia kazi, padri Grzegorz Piramowicz, alishikilia kwamba mtoto wa mkulima naye anastahili kufundishwa kwa upole na kwa akili. Hadi leo 14 Oktoba ndiyo siku ya walimu Poland.

Tume haikupata muda. Kufikia 1795 nchi yenyewe ilikuwa imefutwa kwenye ramani.

Kwa nini vijiji viwili vilivyo jirani vina historia tofauti kabisa za shule?

Kwa sababu ya mgawanyo. Prussia, Austria na Urusi ziliigawana Poland mara tatu, mwaka 1772, 1793 (safari hii bila Austria) na 1795, na kwa miaka 123 kila kipande kiliishi kwa sheria za mtawala wake. Ukitaka kuielewa shule yoyote kongwe ya kijijini, uliza kwanza: kijiji hiki kilikuwa upande wa nani?

Upande wa Prussia kusoma kulikuwa lazima, na sheria ilifuatwa. Shule zilijengwa kwa matofali, mzazi asiyempeleka mtoto alitozwa faini, na karibu kila mtu alijua kusoma. Bei yake ilikuwa lugha. Kuanzia miaka ya 1870 Kijerumani kilisukuma Kipolandi nje ya darasa hatua kwa hatua, hadi likabaki somo la dini peke yake.

Upande wa Austria, eneo lililoitwa Galicia, kulikuwa na Baraza la Shule la Jimbo kuanzia 1867 na sheria ya elimu ya lazima kuanzia 1873. Mtoto wa Kipolandi alifundishwa kwa Kipolandi. Lakini Galicia ilikuwa maskini mno. Vijiji vingi havikuwa na shule, na vilivyokuwa nayo viliona watoto wakati wa baridi tu. Theluji ikiyeyuka, mtoto anarudi kuchunga ng'ombe.

Upande wa Urusi ndiko hali ilikuwa mbaya zaidi. Hakukuwa na elimu ya lazima kabisa, na mwaka 1885 Kirusi kilifanywa lugha ya kufundishia hata kwenye shule za chini vijijini. Sensa ya 1897 ilionyesha kwamba ni takriban theluthi moja tu ya wakazi wa eneo hilo waliojua kusoma. Familia nyingi zilifundisha watoto nyumbani kwa siri, kwa vitabu vidogo vya bei rahisi, jioni, kwenye meza ya kulia chakula.

Ni kweli watoto waligoma?

Ndiyo, tena watoto wadogo. Mwaka 1901, katika mji mdogo wa Września, mamlaka ya Prussia iliamuru somo la dini lifundishwe kwa Kijerumani. Watoto walikataa kuupokea ule mtaala na wakakataa kujibu. Tarehe 20 Mei waliadhibiwa kwa viboko. Wazazi waliosikia vilio walikusanyika nje ya shule, na kwa kosa hilo wakafikishwa mahakamani Gniezno mwezi Novemba. Mama mmoja, Nepomucena Piasecka, alihukumiwa kifungo cha miaka miwili na nusu.

Września ulikuwa mji, lakini moto ulifika vijijini. Mgomo wa mwaka 1906 na 1907 ulienea katika mamia ya shule za eneo la Poznań na Pomerania, na takriban watoto 75,000 walishiriki. Mgomo wao ulikuwa wa namna hii: mwalimu anasali kwa Kijerumani, darasa linanyamaza, anauliza swali la katekisimu, hakuna mkono unaoinuka. Walibakizwa shuleni baada ya masomo, walichapwa, na wazazi walitozwa faini. Hatimaye mgomo ulikwisha bila kupata ilichodai. Hata hivyo kizazi kile ndicho kilichokuwa cha watu wazima nchi ilipopata uhuru, na sidhani kama hilo linaweza kutenganishwa na yaliyowapata wakiwa madawatini.

Walimu wa vijijini nao walifanya nini?

Upande wa Urusi walimu walikutana kwa siri tarehe 1 Oktoba 1905 katika kijiji cha Pilaszków, karibu na Łowicz. Hawa walikuwa walimu wa shule za chini kabisa, watumishi wa serikali ya tsar wenye mishahara midogo, ambao wangeweza kupoteza kazi au kufungwa. Waliazimia kufundisha kwa Kipolandi. Chama cha Walimu wa Poland, kinachojulikana kwa kifupi kama ZNP, kinahesabu mwanzo wake kuanzia siku hiyo.

Kwa maoni yangu mkutano wa Pilaszków unastahili nafasi kubwa zaidi ya ile unayopewa. Wasomi wa Warsaw wameandikwa sana. Mwalimu wa chumba kimoja aliyetembea usiku kwenda kutia saini azimio hatajwi mara nyingi.

Uhuru wa 1918 uliibadilishaje shule ya kijijini?

Serikali mpya haikusubiri. Tarehe 7 Februari 1919 Józef Piłsudski, akiwa Mkuu wa Dola, alitoa amri ya elimu ya lazima: kila mtoto wa miaka 7 hadi 14, miaka saba shuleni, bila kulipa. Nchi ilikuwa bado inapigania mipaka yake, na kulikuwa na sarafu tofauti zikitumika kwa wakati mmoja.

Kazi ilikuwa kubwa. Sensa ya 1921 ilionyesha kwamba mtu mmoja kati ya watatu wenye umri wa zaidi ya miaka 10 hakujua kusoma na kuandika. Kufikia sensa ya 1931 walikuwa wamepungua hadi takriban asilimia 23. Nyuma ya tofauti hiyo kuna vijiji vilivyokodisha chumba katika nyumba ya mkulima ili kiwe darasa, wanakijiji waliosomba mawe na magogo kwa mikokoteni yao, na walimu waliofundisha zamu mbili, asubuhi wakubwa, mchana wadogo. Kuna wazee waliosimulia jinsi ndugu walivyopokezana jozi moja ya viatu wakati wa baridi: leo anakwenda huyu, kesho yule.

Halafu ikaja sheria ya 11 Machi 1932, ya Waziri Janusz Jędrzejewicz. Hapa nina la kusema. Sheria iligawa shule za msingi katika ngazi tatu. Shule nyingi za vijijini ziliwekwa ngazi ya kwanza, yenye madarasa manne tu, lakini mtoto alitakiwa kukaa miaka saba. Hesabu ilitimia hivi: darasa la kwanza na la pili mwaka mmoja mmoja, la tatu miaka miwili, la nne miaka mitatu. Mtoto mwenye akili nzuri alikaa darasa la nne miaka mitatu huku mwalimu mmoja akihangaika na watoto wa rika zote. Na ili kuingia sekondari ilihitajika elimu ya ngazi ya juu zaidi, ambayo kijijini kwao haikuwepo. Kwa maandishi mlango ulikuwa wazi kwa wote. Kwa vitendo mtoto wa mkulima alifungiwa nje, labda mzazi apate pesa za kumpangishia chumba mjini.

Darasani walikuwa Wapolandi watupu?

Hapana. Katika vijiji vya mashariki na kusini-mashariki darasa moja liliweza kuwa na Wapolandi, Waukraina au Wabelarusi, na Wayahudi. Somo la dini lilipofika, watoto waligawanyika kila mmoja na wa kwao, kisha wakarudi kukaa pamoja kwenye hesabu. Sheria ya 1924 iliunganisha shule nyingi za Kiukraina na za Kipolandi kuwa za lugha mbili, na Waukraina waliiona kuwa njia ya kuwanyang'anya shule zao. Lazima lisemwe, kwa sababu taifa lililoteseka kwa kunyimwa lugha darasani lilipaswa kuwa la kwanza kuelewa kilio hicho.

Nini kilitokea wakati wa Vita vya Pili vya Dunia?

Ujerumani iliivamia Poland tarehe 1 Septemba 1939, wakati mwaka mpya wa shule ulipokuwa unaanza. Katika maeneo yaliyounganishwa moja kwa moja na Ujerumani, kama Poznań, shule za Kipolandi zilifungwa. Katika eneo la kati shule za msingi ziliachwa, lakini historia na jiografia zilipigwa marufuku na vitabu vya zamani vikakusanywa.

Lengo liliandikwa wazi. Katika waraka wa Mei 1940, Heinrich Himmler, mkuu wa kikosi cha SS cha Wanazi, alieleza shule ambayo watu wa mashariki wangeruhusiwa kuwa nayo: ya madarasa manne, hesabu rahisi zisizozidi 500, kuandika jina lako, na kufundishwa kwamba kuwatii Wajerumani ni amri ya Mungu. Kusoma, aliandika, hakukuonekana kuwa kwa lazima.

Jibu la walimu lilikuwa elimu ya siri. Tayari Oktoba 1939 viongozi wa chama chao waliunda Shirika la Siri la Walimu. Kijijini elimu hiyo ilikuwa na sura mbili. Kwanza ni saa za kawaida za shule: mwalimu anafundisha somo lililoruhusiwa, kisha katikati anaingiza historia, mtoto mmoja akichungulia dirishani kama kuna mtu anakuja. Pili ni vikundi vidogo vilivyosoma masomo ya sekondari nyumbani kwa watu, mara hii jikoni kwa fulani, mara ijayo kwa mwingine. Vijiji vingi vilivyokuwa na madarasa manne kabla ya vita vilipata masomo ya sekondari kwa mara ya kwanza kwa njia hii, kwa sababu maprofesa na walimu waliofukuzwa mijini walikimbilia huko. Maelfu ya walimu waliuawa au kufia kambini.

Kuna shule ambazo hazikupoteza walimu tu bali na wanafunzi. Katika eneo la Zamość, kati ya Novemba 1942 na 1943, Wajerumani waliwahamisha kwa nguvu takriban watu 110,000 kutoka vijiji karibu 300. Kama 30,000 kati yao walikuwa watoto. Na watoto wa Kiyahudi waliokuwa kwenye rejesta za mahudhurio za kabla ya vita, karibu wote waliuawa.

Je, ni kweli watoto wa vijiji hivyo walifika Tanganyika?

Ni kweli. Tarehe 17 Septemba 1939 jeshi la Kisovieti liliingia Poland ya mashariki, na kuanzia Februari 1940 familia za wakulima, walinzi wa misitu na maaskari wastaafu zilipakiwa kwenye mabehewa ya mizigo kwenda Siberia na Kazakhstan. Mkataba wa 1941 kati ya serikali ya Poland iliyokuwa uhamishoni na Usovieti uliwaachia huru, na mwaka 1942 sehemu yao walitoka pamoja na jeshi la Kipolandi la Jenerali Anders kupitia Iran. Wanawake na watoto wakatawanywa: India, Mexico, New Zealand na Afrika.

Kambi kubwa kuliko zote Afrika ilikuwa Tengeru, karibu na Arusha, yenye watu karibu 5,000 wakiishi katika vibanda vya duara vilivyoezekwa kwa nyasi. Uganda kulikuwa na Koja, kando ya Ziwa Victoria, na Masindi. Jambo la mwanzo kabisa walilolianzisha lilikuwa shule. Mtoto aliyeanza darasa la kwanza katika kijiji cha Poland ya mashariki, akapoteza miaka miwili Siberia, alimalizia msingi chini ya Mlima Meru, kwa Kipolandi. Baada ya vita vijiji vyao vilibaki upande wa Kisovieti, kwa hiyo wengi hawakuwa na kwao pa kurudi. Wakaenda Uingereza, Kanada na Australia. Makaburi ya waliofia Tengeru, takriban 150, bado yanatunzwa ndani ya eneo la chuo cha mifugo.

Serikali ya kikomunisti iliifanyia nini shule ya kijijini?

Mengi mazuri na mengi ya kulazimisha, na si haki kutaja upande mmoja tu.

Mipaka ilisogezwa magharibi mwaka 1945. Familia zilizotolewa mashariki zilifika katika vijiji vilivyoachwa na Wajerumani, zikakuta majengo ya shule ya matofali mekundu, na kuanza upya na mwalimu yeyote aliyepatikana. Sheria ya 7 Aprili 1949 ikawalazimisha watu wazima wasiojua kusoma kuhudhuria masomo. Zaidi ya 600,000 walimaliza kozi hizo kufikia 1951. Bibi alikaa jioni kwenye dawati ambalo mjukuu wake alikalia asubuhi.

Kisha kikaja kipindi cha ujenzi. Mwaka 1958 Władysław Gomułka, kiongozi wa chama cha kikomunisti, alitangaza kampeni ya shule elfu moja kwa ajili ya miaka elfu ya dola ya Poland. Ya kwanza ilifunguliwa Czeladź tarehe 26 Julai 1959, na kampeni ilipokwisha zilikuwa zaidi ya 1,400. Sehemu ya fedha ilitoka kwenye michango ambayo iliitwa ya hiari, ingawa mfanyakazi wa kawaida alijua asingeweza kuikataa. Lakini madarasa yenye madirisha makubwa, maabara na ukumbi wa michezo yalikuwa ya kweli, na mengi yanatumika hadi sasa.

Sheria ya 15 Julai 1961 iliongeza elimu ya msingi kuwa miaka minane, na ikaondoa dini shuleni. Ilirudi mwaka 1990. Itikadi iliingia kwenye vitabu vya historia. Watoto waliendelea kutolewa darasani vuli kwenda kuvuna viazi, na waliosoma miaka ya 1960 na 1970 karibu wote wanakumbuka mgongo ulivyouma.

Mwaka 1973, pamoja na kuundwa upya kwa gmina, yaani halmashauri za ngazi ya chini, ulianza mpango wa kukusanya wanafunzi kwenye shule kubwa za katikati. Hapo ndipo shule ndogo nyingi zilipoanza kufungwa, jambo ambalo halijasimama tangu hapo.

Mbona cheti cha mtu mmoja kinasema madarasa sita na cha mwingine manane?

Inategemea mwaka. Mfumo wa miaka minane ulidumu hadi 1999, ilipoletwa shule ya msingi ya miaka sita ikifuatwa na shule ya kati ya miaka mitatu. Mwaka 2017 ukarudishwa mfumo wa miaka minane, na shule za kati zilimalizika 2019.

Shule yenyewe leo iko vipi?

Mwaka unaanza 1 Septemba. Watoto wa darasa la kwanza huapishwa mbele ya bendera ya shule, kisha mwalimu mkuu humgusa kila mmoja begani kwa penseli kubwa ya rangi. Alama ni 1 hadi 6, na 6 ndiyo ya juu. Mwenye wastani wa 4.75 na tabia njema hupata cheti chenye mstari mwekundu, na bibi yake atakionyesha kijiji kizima. Januari, tarehe 21 na 22, ni siku za bibi na babu, na ukumbi hujaa.

Kama nyumbani ni zaidi ya kilomita 3 kwa madarasa ya chini, au 4 kuanzia darasa la tano, gmina inawajibika kumsafirisha mtoto. Mzazi mgeni, usione haya kuidai haki hiyo.

Kwa nini zinafungwa, na wazazi wanaweza kufanya nini?

Watoto wamepungua na vijana wamehamia mijini au nje ya nchi. Tangu 1996 shule zote za msingi za umma ni mzigo wa gmina, na kwa miaka mingi fedha za serikali kuu zilifuata idadi ya wanafunzi. Jengo la watoto 40 linahitaji kupashwa joto sawa na la watoto 100.

Gmina ikitaka kufunga, lazima iwaarifu wazazi miezi sita kabla, na shule hufungwa mwisho wa mwaka wa masomo, 31 Agosti. Ndiyo maana mapambano huwa Januari na Februari: vikao vya madiwani hujaa wazazi. Mkaguzi mkuu wa elimu wa mkoa lazima atoe maoni, na tangu 2016 akikataa, shule haifungwi. Wazazi wenye busara humwandikia mapema, wakiwa na hesabu za watoto watakaoanza miaka ijayo.

Njia nyingine ni kuanzisha chama. Tangu 2009 gmina inaweza kukabidhi shule yenye wanafunzi wasiozidi 70 kwa chama cha wanakijiji bila kuifunga kwanza. Shule inabaki ya bure. Anayebeba gharama ni mwalimu: anatoka kwenye Mkataba wa Walimu wa 1982, yaani sheria maalumu ya ajira yao, wenye saa 18 za kufundisha kwa wiki kwa wengi wao, na kuajiriwa kwa sheria ya kawaida ya kazi, kwa kawaida kwa saa nyingi zaidi. Napenda sana kuona kijiji kikiokoa shule yake, lakini wazazi wanaosherehekea wajue nani amelipa.

Nataka kufuatilia historia ya shule moja. Nianzie wapi?

Uliza kronika ya shule. Ni daftari kubwa ambalo mwalimu mkuu aliandika kwa mkono kila mwaka: idadi ya watoto, ugonjwa uliowashika, baridi iliyofunga shule, nani alichangia mbao, mkaguzi alisema nini. Nyingine zilifichwa wakati wa vita, kisha mwalimu akajaza miaka iliyopita kwa kumbukumbu. Soma kwa makini kurasa za miaka ya 1950, maana wakati ule mwandishi alijua nani mwingine angeweza kuzisoma.

Shule ikiwa imefungwa, kronika na rejesta huenda ziko kwa gmina, kwenye shule iliyopokea wanafunzi, au kwenye Hifadhi ya Nyaraka ya Taifa ya mkoa, ambayo imeweka sehemu ya nyaraka zake kwenye mtandao. Kwa kijiji kilichokuwa upande wa Prussia tarajia Kijerumani. Upande wa Urusi, Kirusi. Vitabu vya parokia husaidia kwa majina ya walimu wa zamani. Na uwaulize wazee mapema, wakiwa na picha ya darasa mkononi: wataitaja safu nzima, mmoja baada ya mwingine.

Jengo likibaki tupu hufanywa nini?

Mengine huwa ukumbi wa kijiji au kituo cha zima moto cha watu wa kujitolea, mengine makao ya wazee, mengine huuzwa kwa watu wa mjini wanaoyageuza nyumba za mapumziko. Kabla ya mnada, kijiji kinaweza kuiomba gmina ibakize walau chumba kimoja kwa ajili ya bendera, picha na kronika.